Siki haioni kila kitu

Muuguzi huloweka pamba kwenye siki, hupaka mlango wa kizazi, kisha husubiri dakika moja. Pakigeuka peupe, kuna la kufuatilia. Pasipogeuka, mama huambiwa yuko salama, akapanda bodaboda kurudi Kamachumu. Kipimo hiki cha saratani cha bei nafuu kimeokoa wengi, na anayekibeza hazijui zahanati za Muleba, Kagera. Ila kina pembe kisikoona.

Saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia sehemu ya nje, siki inakofika. Aina iitwayo adenokasinoma huanzia kwenye tezi za ute, mara nyingi ndani ya mfereji, jicho lisikofika. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi ni shida zaidi, maana hata eneo linalopaswa kukaguliwa huwa limerudi ndani.

Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki Oktoba 1951 akiwa na miaka 31, alikuwa na aina hii. Seli zake, HeLa, zinaishi maabara hadi leo. Hata hivyo hospitali ya Johns Hopkins iliuandika uvimbe wake kuwa wa aina ile ya kawaida, na marekebisho yalikuja miaka mingi baada ya maziko. Kama wao walipitiwa, muuguzi mwenye tochi na pamba alaumiwe kwa lipi?

Je, mgonjwa atapona? Inategemea hatua. Uvimbe ukikutwa ungali mdogo, hukatwa kwa upasuaji, na palipo na huduma kamili zaidi ya wanawake wanane kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ukishasambaa nyongani, tiba ni mionzi ya nje na ya ndani pamoja na dripu ya sisplatini kila wiki, na hapo adenokasinoma huwa sugu kuliko ile aina ya kawaida.

Kwa mtu wa Bukoba mionzi iko Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa 19 Juni 2025, limemwondolea foleni ya kivuko. Halijampa pa kulala. Mionzi ya nje hupigwa siku tano kwa wiki, wiki tano hivi. Huko nyuma nani anapalilia migomba?

Ndiyo maana kipimo cha HPV, virusi visababishavyo saratani hii, kinapaswa kufika hospitali za Rubya na Ndolage, si kubaki mijini. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, na mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inaweza kuisoma, mradi vifaa vyake vinunuliwe. Chanjo ya HPV hutolewa nchini tangu 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inakinga aina ya 18, mhusika mkubwa wa adenokasinoma.

Na mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi asirudishwe nyumbani kwa sababu siki haikuonyesha weupe. Apewe rufaa siku hiyohiyo, akachukuliwe kinyama cha kupimwa kutoka ndani ya mfereji.