Duka la zamani Kampala: chunguza yaliyotokea baada ya 1972

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 2010, imeacha suala la ardhi na majengo kwa sheria za kila nchi. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetaka duka la zamani Kampala au Jinja aijue historia yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia na mali zao zikachukuliwa. Sheria ya 1982 ilibatilisha mauzo yaliyofuata, ikampa waziri uwezo wa kuwarudishia wenyewe kwa cheti. Kabla ya kulipa, pekua daftari la ardhi, kisha uliza serikalini cheti kilitolewa kwa nani. Ukimlipa asiyehusika, mwenyewe akija atakudai upya, na bidhaa zako zimo ndani.