Kandanda, bia na kamari havipatani

Mechi ya mtoano ina ladha yake. Anayeshindwa hufunga virago, na ndiyo sababu baa hufurika. Siku hizi, hata hivyo, shabiki haendi kutazama mpira tu. Mkononi ana chupa ya bia, na katika simu ana utabiri alioununua kwa mtu asiyemjua.

Tukumbuke robo fainali ya CHAN iliyochezwa Kasarani mnamo Agosti 22, 2025. Harambee Stars na Madagascar walitoka sare ya 1-1, kisha Madagascar wakashinda 4-3 kwa matuta. Katika kamari ya kawaida ya matokeo, dau huamuliwa na dakika 90 pekee pamoja na za majeruhi. Hivyo, aliyebashiri ushindi wa Madagascar alipoteza pesa zake, ilhali Madagascar ndio waliosonga mbele! Aliyemuuzia utabiri huo hakupoteza hata senti.

Hapo ndipo bia inapofanya kazi yake. Mlevi hasomi masharti. Huongeza dau akitumaini kufidia lililopotea. Kampuni ya kamari nayo huwa imekwisha kupanga malipo yake ili hatimaye faida ibaki kwake.

Ni kweli kwamba aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa kisheria kunywa na kucheza kamari. Lakini wengi wa umri huo wangali wanafunzi, na pesa wanazochezea ni karo ya mzazi au mkopo wa HELB. Yafaa walimu wa hisabati wawafunze hesabu hii waziwazi, kabla hawajafunzwa na hasara.