Umeme Usifundishwe kwa Wimbo

Katika shule nyingi somo la umeme huishia ubaoni. Mwalimu huandika vipitishi upande mmoja na vihami upande wa pili, watoto huimba, kengele hulia. Sisi hatuiafiki njia hiyo. Humfanya mtoto aamini kwamba kupitisha umeme ni sifa isiyobadilika, hali kubanwa na kupindwa kwa kitu huweza kuongeza au kupunguza umeme upitao.

Mtoto wa Kibirizi au Ujiji ana dokezo la jambo hili kabla hajaanza shule. Tochi inapofifia usiku mwaloni, huigonga au hukaza kifuniko, nayo ikawaka. Mwalimu na aanzie hapo.

Aponde kiini cheusi cha penseli, ambacho ni kaboni iliyochanganywa na udongo. Chembe hizo azijaze katika kipande cha mrija wa kalamu ya wino na kuziba ncha zote mbili kwa misumari. Aunganishe betri mbili za tochi na taa ndogo nyekundu ya LED. Isipowaka, ageuze miguu yake. Mwanafunzi akiisukuma misumari ndani, mwanga huongezeka, akilegeza, hufifia. Chembe zilizobanwa hugusana mahali pengi zaidi, ukinzani ukapungua. Ndivyo simu za zamani zilivyogeuza sauti kuwa umeme. Umeme wa majumbani usitumiwe kamwe katika jaribio hili.

Je, basi tuwaimbishe watoto kwamba kubana huongeza umeme? Hasha! Viko vimrija vya kaboni vyembamba mno, alivyovieleza Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Ukuta wake ni kama mkeka ulioviringishwa, na atomi zake zimepangwa mithili ya sega la nyuki. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walikisukuma kimrija kimoja kwa ncha kali hata kikapindika. Upitishaji wake wa umeme ulishuka takriban mara mia, walipokiachia, ukarejea. Humo hapakuwa na chembe za kusogezwa pamoja. Mpangilio wa atomi zenyewe ndio uliovurugwa.

Tendo ni moja, matokeo mawili yanayopingana. Kwa hiyo, ndugu wanachuo, tusiubadili wimbo mmoja kwa mwingine. Tumpe mtoto misumari, abane, aone, kisha tumwulize: kwa nini?