Aliyerudi kutoka Seminari

Watoto, kila mwaka, Dominika ya Mchungaji Mwema, Wakristu wa dunia nzima wanamwomba Mungu awaite vijana kwa upadri. Papa Paulo VI alianzisha siku hiyo ya sala mwaka 1964. Hapa Nyangezi, parokia ya tangu 1906, tunasali nasi, tena kwa sauti kubwa. Kisha tunatoka kanisani na kuiharibu sala kwa midomo yetu.

Tazameni. Mvulana anatumikia Misa vizuri. Ana akili, ana moyo mwema. Padri anamwuliza: «Je, hupendi kwenda seminari?» Mvulana ananyamaza. Haogopi masomo, wala kuamka mapema. Anaogopa kurudi. Amemwona jirani aliyerudi baada ya miaka mitatu: watu walimcheka njiani, wakamwita «Padri nusu». Mama yake akaona haya kwenda sokoni. Basi, ni mvulana gani wa kilima kile atakayejaribu tena?

Neno seminari linatoka katika Kilatini, na maana yake ni kitalu. Wazazi wenu wanaolima kahawa wanajua kazi ya kitalu. Miche ni mingi, na si yote itakayopandwa shamba moja. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917 kule Baudouinville, siku hizi Kirungu, karibu na ziwa Tanganyika. Kabla ya kumpata yeye mmoja, Mapadri Weupe walifundisha wavulana wengi. Je, wale wengine walipotea?

Wako wanaonung'unika: «Shirika letu lilitoa maharagwe na franka bure.» Si bure! Aliyekaa seminari amejifunza kusali, kusoma na kushika saa. (Mimi pia nilisoma seminari, na leo ni Furere, ninafundisha hesabu. Sijaona hasara.) Shirika lisimdai kitu, na lisimwulize maswali. Padri Mkuu amwite Dominika ile ile asome somo la Misa mbele ya wote. Akitaka kufundisha katekisimu, apewe darasa.

Ninyi watoto, mkimwona anashuka kwenye gari na sanduku lake, kimbieni mkalibebe mpaka kwa mama yake.