SHAHIDI MMOJA HATOSHI, HATA ANGANI



Ndugu yangu Muislamu, kila ajali ikitokea hakosekani mtu wa kukuambia: "Hiyo ni kadari, usihoji." Leo namjibu mtu huyo, na namjibu kwa ndege.

Wewe wa Nyamwaga unayekwenda Mwanza kupanda Airbus A220 ya Air Tanzania, jua hili. Rubani wa ndege ile akisogeza usukani, havuti kamba inayofika kwenye bawa. Anatuma ishara ya umeme. Kompyuta zinaipokea, zinaipima pamoja na mwendo na mkao wa ndege, ndipo zinaamuru mitambo isogeze sehemu za mabawa na mkia. Na kwa kuwa kompyuta hukosea na vipimo huharibika, huwekwa zaidi ya kimoja, ili kimoja kikidanganya vingine vikikanushe.

Je, hilo ni geni kwetu? Suratul Baqara, aya ya 282, Allah ameamrisha mashahidi wawili katika deni. Deni la mali tu! Je, roho za watu?

Sasa tazama Boeing 737 MAX. Usukani wake bado unatumia nyaya za chuma, lakini iliongezewa programu iitwayo MCAS, yenye uwezo wa kuinamisha pua ya ndege bila rubani kuamuru. Ndege ilikuwa na vipimo viwili vya pembe ya bawa na upepo. Programu ikasikiliza kimoja. Oktoba 29, 2018, Lion Air ilianguka Indonesia: watu 189. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ikaanguka: watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Shahidi mmoja alitoa habari ya uongo, akaaminiwa.

Utasema kadari? Ndiyo, siku yao ilikwisha andikwa, na katika hilo hatuyumbi. Lakini kadari ni faraja ya mfiwa, si kichaka cha mzembe. Aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Allah, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na hao waliohoji ndio sababu ndege zile zilizuiwa kuruka dunia nzima, hadi programu ikarekebishwa isikilize vipimo vyote viwili. Wangekaa kimya kwa jina la kadari, wangezikwa wangapi tena?

Basi nawe dereva wa Noah unayejua breki zimekwisha, ukapakia watu na kusema "Mungu yupo": ndiyo, yupo, na atakuuliza. Usimsingizie Yeye uzembe wako.

Nawe abiria, kumwambia dereva apunguze mwendo si upungufu wa imani. Ni kumfunga ngamia.

Allah atujaalie kuchunga amana. Wallahu a'lam.

Mfikishie kila anayebeba roho za watu.