Mnara wa Jirani: Tupime Kwanza Utakapoangukia

Kila unaposimamishwa mnara karibu na makazi, swali la kwanza kutufikia sisi madaktari ni la saratani. Ni swali halali, nami nitalijibu. Hata hivyo, nikiwa daktari wa upasuaji, naona swali linalopaswa kutangulia ni jingine: mnara huo ukianguka, utalala wapi?

Nachukua mfano wa minara ya redio za ridhaa, yaani ya watu wenye leseni wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi yao, bila malipo. Hapa Tanzania ni wachache. Marekani wapo mamia ya maelfu, na minara yao husimama uani, baina ya nyumba na nyumba. Ndiyo maana ugomvi kuhusu umbali kutoka mpaka wa kiwanja umekomaa huko kuliko kwetu.

Halmashauri kadhaa za huko hutumia kanuni iliyo nyepesi kukumbuka: mnara wa mita 15 usimame mita 15 kutoka mpakani, ili ukianguka uangukie kwa mwenyewe. Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliamua kwamba kanuni za namna hii zisizidi kiasi kinachohitajika kutimiza lengo halali, na ziwaachie wenye redio nafasi ya kuwasiliana. Huko si kuwadekeza. Kimbunga Maria kilipoangusha umeme na simu huko Puerto Rico mwaka 2017, watu wa redio za ridhaa walijitolea kwenda pamoja na Msalaba Mwekundu, wakasaidia kupeleka habari za walionusurika.

Mashaka yangu juu ya kanuni hiyo ni kwamba inamwangalia mtu mmoja tu, jirani. Katika kiwanja chenye upana wa mita 20, mnara wa mita 15 hauna pa kusimama. Wa mita 10 utasimama katikati kabisa, ambako mara nyingi ndiko iliko nyumba yenyewe na watoto waliolala ndani. Tena mpaka wa kiwanja ni mstari wa ramani tu, haujapata kumuua mtu. Kinachoua ni waya wa umeme.

Nguzo nyingi za mitaani kwetu hubeba nyaya za kilovoti 11 au 33, na aghalabu nyaya hizo ziko wazi. Bomba la chuma likizigusa wakati linainuliwa, hupigwa wote waliolishika, nao mara nyingi ni ndugu na marafiki walioitwa kusaidia. Wenzangu wa wodi za majeraha ya moto wanajua kinachofuata: kidonda kidogo kiganjani, kingine unyayoni, na baina yake misuli iliyoungua. Mhudumu wa afya asidanganywe na udogo wa kidonda. Mgonjwa huyo anahitaji kipimo cha umeme wa moyo; mkojo wake uangaliwe rangi, kwa kuwa misuli iliyokufa humwaga myoglobini inayoharibu figo; na mkono uliovimba na kukakamaa humhitaji mpasuaji saa ileile, si kesho. Wapo wanaofika kwa wakati na bado hupoteza kiungo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Umbali kutoka waya wa umeme usilegezwe kwa yeyote. Uzidi urefu wa mnara pamoja na antena iliyo kileleni, na nafasi ya ziada juu yake. Umbali kutoka mpaka wa jirani unaweza kulegezwa, endapo mhandisi ametia saini kuthibitisha msingi, nyaya za kuushikilia mnara na upepo wa mahali hapo. Na chini ya mnara pawe na uzio, maana hakuna umbali wowote unaomzuia mtoto kupanda.

Sasa saratani. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, kwa ushahidi haba. Dhara lililothibitika ni kuupasha mwili joto, nalo hupungua haraka kwa umbali: ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu ya mawimbi hushuka hadi robo. Kwa hiyo antena iliyo juu humfikia jirani kwa nguvu ndogo kuliko waya uliofungwa usawa wa dirisha lake. Wanaodai mnara ufupishwe kwa kuhofu mawimbi wanajisogezea kile wanachokikimbia.

Jirani akija kukuarifu kwamba anasimamisha mnara, mwulize leseni, mwulize jina la mhandisi wake. Kisha tokeni nje pamoja, mtazame nyaya za umeme zinapita wapi.