Hawakupanda Ili Waruke

Vijana wenzangu wa kalamu, tuna ugonjwa wa majabali. Mpeleke mwandishi wetu yeyote juu ya jabali refu lenye bahari chini yake, akirudi ana shairi mfukoni. Upepo, mawimbi, machozi, na mtu mmoja anajirusha. Lazima mtu ajirushe! Asiporuka mtu, tunaona shairi halijaiva.

Nasema kwa kujitaja mwenyewe. Shairi langu la Le Morne, lile lililosomwa hata kwenye kikao chetu na watu wakapiga makofi, niliandika kabla sijakanyaga Le Morne. Nilikuwa nimesimuliwa tu, ikatosha. Baadaye nikabahatika kwenda, na nilichokiona kule ndicho kinachonifanya niandike haya kwa hasira kidogo. Mnisamehe.

Kwa asiyepajua: Le Morne ni mlima ulioko pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Morisi, juu ya rasi inayoingia baharini. Kimo chake ni mita 556. Chini yake mahoteli ya wenye nazo, mchanga mweupe, na bahari yenye rangi ambazo hata fundi wa kanga angezionea wivu. Watu wanapanda alfajiri kabla jua halijawa kali. Mwanzoni njia ni pana, hata bibi yako angeipanda huku anapiga soga. Halafu unafika mahali pa kutazamia, bahari inafunguka mbele yako, na hapo wengi wanaishia. Wanaoendelea wanaparamia mawe kwa mikono na magoti hadi penye msalaba. Siku hizi wapo wanaopanda helikopta au kurusha droni wapate picha ya yale "maporomoko chini ya bahari", ambayo wala si maporomoko. Ni mchanga na tope vinateleza kwenye ukingo wa kina kirefu, vinadanganya macho. Lakini picha inapendeza, bwana, na anayeipiga anarudi hotelini ameridhika kwamba ameuona mlima.

Sasa hadithi yenyewe. Watumwa waliotoroka walijificha kwenye mapango na kileleni mwa mlima huo. Tarehe 1 Februari 1835 utumwa ukafutwa Morisi. Inasimuliwa kwamba askari walitumwa mlimani kuwapa habari kwamba wako huru. Watoro walipoona askari wanakuja wakadhani wamefuatwa kukamatwa, wakajirusha. Wanahistoria hawajapata hati ya wakati ule inayothibitisha tukio hilo. Mimi sigombi na hilo. Masimulizi yana wenyewe, Wakrioli wa pale chini, na si kazi ya mgeni kuwadai risiti ya msiba wao.

Ugomvi wangu ni na namna hadithi hiyo inavyouzwa kwa mgeni, na sisi tunavyoinunua bila hata kuulizia bei. Hebu isikilizeni tena. Serikali ilikuja na habari njema. Maskini watu hawakuelewa. Bahati mbaya! Yaani katika hadithi nzima ya utumwa, aliyekosea mwishoni ni mtumwa.

Basi tuisome hiyo habari njema. Sheria ya Waingereza iliyoanza kazi siku ile haikumwambia mtumwa aende zake. Ilimgeuza jina, akaitwa mwanagenzi, akabaki kumfanyia kazi bwana yuleyule. Uanagenzi huo ulikwisha mwaka 1839. Fidia ilikuwepo, tena nono, zaidi ya pauni milioni 2 kwa Morisi peke yake, ila walilipwa wenye watumwa. Mtumwa hakupata hata thumni. Sasa niambieni: kama kweli askari walipanda na barua hiyo, na kama kweli watu waliwaangalia wakasema hawa wamekuja kuturudisha kazini, nani hapo hakuelewa?

Pale penye kutazamia nilikaa kama nusu saa. Wenzangu walikuwa wanajipiga picha kwa simu zao, wanageuka huku na huku kutafuta mwanga. Mimi pia nilijipiga, sitaki kujifanya mtakatifu. Halafu nikaona jambo dogo tu ambalo katika shairi langu halikuwemo: kutoka pale unaona kila kinachokuja. Mashua, mtu wa miguu, moshi, vyote. Sisi tunapaita mahali pa mandhari. Kwao lilikuwa lindo. Mtu aliyekaa pale hakuwa anatazama rangi za bahari, alikuwa anahesabu vichwa vya wanaomsaka. Na kama kuna mlinzi kuna wanaolindwa, na wanaolindwa wanakula, wanakunywa, wanagombana, wanauguliwa. Maji waliyatoa wapi? Walipikaje bila moshi kuwachongea? Aliyekohoa usiku walimfanya nini? Katika beti zangu kumi na mbili hakuna aliyekunywa maji. Wote walikuwa wanasubiri kuruka!

Wakati nashuka mwenyeji mmoja alinionyesha ua jekundu linaloning'inia kama kengele. Ni ua la taifa la Morisi tangu 1992, na porini linaota kwenye mlima huu tu. Wenyewe wanaliita kwa Kifaransa hereni. Zuri sana. Ila mimi akili ilikwenda kwenye sheria ya Wafaransa ya mwaka 1723, ile Code Noir ya visiwa hivi: mtoro wa mara ya kwanza akatwe masikio na apigwe chapa ya moto begani. Mara ya pili akatwe mshipa wa mguu. Mara ya tatu auawe. Mtu aliyekuwa anaujua ukurasa huo na bado akapanda, huyo si mtu wa kuhurumiwa tu kwa wino. Alipiga hesabu, akachagua.

Mmeliona neno nililotumia? Mtoro. Kiswahili chetu ndicho hicho. Leo mtoro ni mtoto anayekwepa hesabu za asubuhi, anachapwa mbele ya wenzake. Lakini pwani yetu yenyewe ilikuwa na watoro waliojenga vijiji: Fuladoyo kule bara ya Malindi, Gosha kando ya mto Juba. Mashairi yao yako wapi? Wangapi kati yetu wamekwenda Fuladoyo na daftari? Nauli yake haifiki hata robo ya ile ya ndege. Lakini Fuladoyo haina jabali la kutazamia bahari, na kule wakimbizi waliishi, wakalima, jambo ambalo halina vina vizuri.

Nimebakiza lile zito. Mama yangu ni mtu wa Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, mfanyabiashara wa watumwa wa visiwa hivyo hivyo, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa Kisiwani: watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 kwa kichwa, na piastre 2 juu yake zawadi ya Sultani. Karatasi imeandikwa, imewekwa sahihi. Si hadithi ya mlimani hiyo. Mkataba uwe ulitimizwa wote au nusu, bei ilikubaliwa, na waliokubali walikuwa wa pande mbili. Walioletwa pwani walitolewa bara, walikuwa na majina na makabila yao, na wengi wetu tunaojiita wana wa pwani tusingewakaribisha barazani.

Kwa hiyo msimame pale juu, wana wa Afrika Mashariki, mlie mpendavyo: "babu zetu waliruka!" Babu yupi? Shairi langu lilisema hivyo hivyo, tena kwa herufi kubwa. Sina ushahidi kwamba babu yangu alipanda ule mlima. Ninao ushahidi kwamba mji wa mama yangu ulichukua piastre mbili kwa kila kichwa. Tunalia kama wafiwa, kumbe siku ya mauzo tulikuwa sokoni!

UNESCO waliuandika mlima huo katika urithi wa dunia mwaka 2008, na hapo chini kuna mnara wa Njia ya Watumwa, mawe yanayokumbusha nchi walikotolewa watu. Nilipouzunguka nilimkuta mama mmoja wa pale amekaa kivulini na mjukuu wake. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafurahi, akasema Afrika, karibu nyumbani. Kilwa sikuitaja. Nilikuwa na Kifaransa cha kutosha kuitaja, sikuitaja. Kitu hicho ndicho kinachonikera mpaka leo, kuliko picha za simu na helikopta zote.

Ndugu Mhariri, lile shairi langu la zamani nadhani bado unalo kwenye faili la toleo lijalo. Nakuomba uniletee. Ubeti wa kwanza nitaanzia Kisiwani, kwenye meza waliyotilia sahihi.